Swali la Mutesa

1844: Mgeni asimama

Kabaka Suna, mfalme wa Buganda, alikuwa ametoa amri watu wauawe, jambo la kawaida barazani kwake, pale mgeni mmoja aliposimama. Jina lake Ahmed bin Ibrahim, mfanyabiashara Mwarabu aliyeingia Buganda mwaka 1844 akifuata pembe za ndovu kwa njia ya Karagwe. Akasema watu wale, na Kabaka mwenyewe, wameumbwa na Mungu mmoja, na kuwaua bure ni dhambi kubwa mbele ya huyo aliyewaumba.

Habari hii tunayo kwa sababu Ahmed mwenyewe, uzeeni, alimsimulia Emin Pasha, afisa wa serikali ya Misri. Yamkini aliitia chumvi. Nani asiyekitia chumvi kisa cha ujasiri wa ujana wake? Lakini alirudi salama, na hilo peke yake linasema kitu. Suna hakumwua. Alimwita tena na tena, akataka kujua zaidi habari za huyo Mungu na za wafu kufufuka, hata akajifunza sura chache za Kurani.

Waganda hawakuwa watu waliokaa wakingoja kuletewa Mungu kutoka pwani. Walimjua Katonda, muumba, ingawa hakusumbuliwa sana na maombi. Mambo ya kila siku yalikuwa mikononi mwa balubaale: Mukasa wa ziwani, Kibuka wa vita, na wengine wengi, waliosema na watu kwa vinywa vya mandwa wao. Hata swali gumu kuliko yote, kwa nini tunakufa, lilikuwa na jibu. Kintu, mtu wa kwanza, na mkewe Nambi waliposhuka kutoka mbinguni waliambiwa wasirudi nyuma kwa lolote. Nambi akakumbuka njiani kwamba amesahau wimbi wa kuku wake. Wakarudi kuuchukua, na Walumbe, yaani Kifo, akawafuata mpaka duniani. Akakaa.

Jipya katika maneno ya Ahmed lilikuwa hukumu. Kwamba baada ya Walumbe kufanya kazi yake kuna siku ya kufufuliwa, na siku hiyo Kabaka atapangwa foleni moja na mkulima wake. Katika nchi ambamo hakuna aliyemhoji Kabaka, huo ulikuwa mzigo mzito kuliko shehena yoyote ya vitambaa na shanga.

1867: Kabaka afunga Ramadhani

Suna alifariki mwaka 1856, na mwanawe Mutesa akatawazwa angali kijana. Wafanyabiashara kutoka Unguja na Unyanyembe, ambao walikuwa wamekaa mbali kwa muda, wakarudi na bunduki, nguo na Kurani. Mutesa aliwapenda na akapenda zaidi walichokijua. Alijifunza Kiswahili, akajifunza kuandika kwa herufi za Kiarabu, akavaa kanzu, na tangu 1867 akaanza kufunga Ramadhani. Alifunga mwaka baada ya mwaka kwa karibu miaka kumi, akaamuru na watu wake wafunge, misikiti ikajengwa, na vijana wa ikulu wakakaa chini kusoma.

Neno hilo, kusoma, lina historia yake. Katika Kiganda mtu aliyeshika dini mpya aliitwa omusomi. Hakuitwa mwenye kuamini wala mwenye kuswali: alikuwa msomaji. Dini ziliingia Buganda kwa mlango wa kitabu, na hata Wakristo walipokuja baadaye walilikuta neno liko tayari, wakalichukua hivyo hivyo, pamoja na eddiini, ambalo ni dini yetu hii hii.

Mutesa, hata hivyo, hakutahiriwa. Mila ilikataa damu ya Kabaka imwagike, na hapo ndipo palipokuwa na kigingi. Aliswali, alifunga, aliongoza wengine katika swala, lakini jando aliliogopa; na haikuwa woga wa kisu. Kabaka aliyekatwa angeweza kuhesabiwa na wakuu wake kuwa si Kabaka tena. Akabaki mguu mmoja ndani, mmoja nje, mkao ambao alikuja kuuzoea maisha yake yote.

1875 na 1876: Kijana wa Kiungani, na moto wa kwanza

Henry Morton Stanley alifika Aprili 1875. Vitabu vya Kizungu vimempa sifa nyingi za kumgeuza Mutesa, kwa kuwa mwandishi wa vitabu hivyo alikuwa Stanley mwenyewe. Aliandika barua iliyochapwa katika gazeti la Daily Telegraph la London Novemba mwaka huo, ikiwaita wamisionari waende Buganda. Mimi namwona mtu mwingine kuwa muhimu zaidi katika safari ile: Dallington Maftaa, kijana aliyesomeshwa na misheni ya Kianglikana ya UMCA huko Kiungani, Unguja. Stanley alimwacha ikulu amsomee Kabaka Biblia.

Fikiria kazi ya kijana huyo. Maneno ya Injili aliyojifunza Unguja kwa Kiswahili anayageuza kwa Kabaka ambaye Kiswahili chake alikipata kwa Waislamu, ili yaeleweke kwa Kiganda. Mungu, nabii, malaika, shetani, dhambi, pepo: maneno yote hayo Mutesa alikwisha kuyasikia kwa maana ya Kiislamu. Dallington hakuwa na maneno mengine. Kwa hiyo dini mbili zilipoanza kupingana barazani, zilipingana kwa msamiati mmoja, na bila shaka ndiyo sababu Mutesa aliziona kama ndugu wanaogombea urithi.

Wiki ile ile ya Stanley alikuwako pia Linant de Bellefonds, Mfaransa aliyetumwa na Gordon, gavana wa Misri katika Ikweta. Aliandika kwamba Kabaka alimwuliza habari za jua, mwezi na nyota, kisha za pepo, moto na malaika. Watu wengi wamesema Mutesa alijifanya kupenda dini ili apate bunduki. Bunduki alizitaka, tena sana. Lakini mtu anayetaka bunduki tu haulizi pepo iko wapi na inasimama juu ya nini.

Misri ndiyo iliyoharibu mambo. Khedive Ismail alikuwa akisukuma mipaka yake kusini kufuata Mto Nile, na Waislamu waliotoka upande huo waliwaambia vijana wa ikulu mambo ambayo wafanyabiashara wa pwani, kwa adabu au kwa hesabu za biashara, walikuwa wakiyanyamazia: kwamba haifai kuswali nyuma ya imamu asiyetahiriwa, wala kula nyama aliyochinja mtu asiyetahiriwa; inasimuliwa pia kwamba waliukosoa msikiti kwa kuelekea siko. Vijana wakashika. Wakakataa nyama ya Kabaka.

Tuone jambo hili kwa macho ya Mutesa. Watumishi wake, wanaolala chini ya paa lake, wanamwambia kuna sheria iliyo juu ya meza yake, na sheria hiyo wamefundishwa na watu wa mfalme mwingine ambaye askari wake wako mpakani. Mwaka 1876 wapatao 70 walipelekwa Namugongo wakachomwa. Wengine waliuawa kwingine nchini. Hao ndio wafia dini wa kwanza wa Uganda, na walikuwa Waislamu.

Juni 1879: Nani mkweli kati yenu?

Wamisionari wa CMS, Waprotestanti kutoka Uingereza, walifika tarehe 30 Juni 1877. Msafara wao ulipungua haraka kwa maradhi, na wawili waliuawa Ukerewe mwaka huo huo. Aliyeshika usukani ni Alexander Mackay, fundi mitambo wa Uskoti, aliyefika Novemba 1878 akiwa na miaka 29, mtu wa nyundo na tanuri, mkali kwa maneno. Miezi mitatu baadaye, Februari 1879, akaingia Simeon Lourdel, padri Mkatoliki wa shirika la White Fathers, Mfaransa mwenye miaka 25. Waganda walipowasikia wenzake wakimwita kwa Kifaransa mon père, wakalifanya Mapeera, na ndilo jina lake mpaka leo.

Jumapili moja ya Juni mwaka huo Mackay aliongoza sala ikulu kama kawaida yake. Alipowaomba watu wapige magoti, Wafaransa wakabaki wameketi. Mutesa akaona. Sala ilipokwisha akauliza kwa nini. Lourdel akawaka. Akaeleza kwa Kiswahili, Kiganda na Kifaransa vikichanganyika kwamba wao hawawezi kushiriki dini hiyo kwa kuwa si ya kweli, na kitabu kile kimejaa uongo. Mackay naye akajibu kuhusu Papa na kuhusu Mariamu. Hatuna budi kukumbuka kwamba habari hii tunayo kwa kalamu ya Mackay, na Mackay hakuwa mtu wa kumpunguzia Mkatoliki lawama.

Wakuu walikuwa wamekaa wakitazama. Waarabu nao walikuwapo, na nadhani siku hiyo hawakuhitaji kusema mengi. Mutesa akauliza swali: je, kila taifa la Wazungu lina dini yake? Yeye atajuaje ipi ni ya kweli?

Hakujibiwa. Tuseme alipata majibu mawili, kila mmoja akiapa kwamba ya mwenzake ni potofu. Kwa miezi mingi baada ya hapo baraza liliendelea hivyo. Waislamu wakawauliza Wakristo Mungu anapataje mwana. Waprotestanti wakawauliza Wakatoliki sanamu ni za nini. Wakatoliki wakawauliza Waprotestanti ni nani aliyewatuma, ikiwa hawana Papa. Kabaka alikuwa bingwa wa kuchokoza: alimwachia mmoja aseme, akamgeukia wa pili, akatabasamu. Mackay alihuzunika akiandika kwamba mtu huyu anachezea mambo matakatifu. Mimi nasema alikuwa akifanya kazi ya hakimu asiye na shahidi. Mashahidi wote walikuwa upande mmoja au mwingine, na kila mmoja nyuma yake alikuwa na serikali: Unguja, Misri, Uingereza, Ufaransa.

Kila mmoja, pia, alikuwa na sharti asiloliweza. Uislamu ulidai damu yake. Wakristo, wa pande zote mbili, walidai aachie wake zake wote isipokuwa mmoja, na ndoa za Kabaka zilikuwa ndizo kamba zilizofunga koo zote za Buganda kwenye kiti chake. Kuziachia ni kuiachia nchi.

Desemba 1879, akiwa mgonjwa kwa muda mrefu, Mutesa alikubali mandwa wa Mukasa aletwe ikulu amtibu. Mackay alipinga waziwazi. Namasole, mama yake Kabaka, na wakuu wazee wakasimama na Mukasa. Baraza likakata shauri kwamba dini za wageni zote ziachwe, watu warudie ya baba zao. Uamuzi huo haukudumu, kama yalivyokuwa maamuzi mengi ya Mutesa, lakini ulimpumzisha kwa kitambo.

Waliokuwa wakisikiliza

Katika mijadala hii yote tumekuwa tukimtazama mtu mmoja aliyekaa mkekani juu ya ngozi ya chui. Nyuma yake, kandokando ya kuta za matete, walikuwapo vijana wa ikulu, watoto wa wakuu walioletwa kujifunza utumishi. Walisikia kila swali na kila jibu. Kabaka alisikiliza kwa kupima. Wao walisikiliza kwa njaa. Walikwenda usiku kwa Mackay, aliyekuwa na mashine ndogo ya kuchapia, wakarudi na karatasi za herufi walizozificha nguoni. Walikwenda kwa Mapeera. Wengine walisoma kote kuwili kabla ya kuchagua, na wapo waliotoka kwanza kwenye Uislamu.

Lourdel alibatiza wa kwanza Machi 1880. CMS walibatiza watano Machi 1882. Wakatoliki walihamia kusini ya ziwa mwishoni mwa 1882 kwa kuhofia usalama wao, na hapo ndipo ilipoonekana mbegu imeota: wasomaji waliobaki walifundishana wenyewe, bila padri, miaka karibu mitatu.

Lugha ya masomo ya mwanzo ilikuwa Kiswahili zaidi, na Mackay alitamani siku moja kiwe lugha ya Afrika ya Kati yote. Askofu Tucker, aliyekuja baada yake, alilikataa wazo hilo katakata kwa sababu aliona Kiswahili kimeshikamana mno na Uislamu. Kiganda kikashinda, na Biblia nzima ya Kiganda ikapatikana mwaka 1896. Msomaji anayejiuliza kwa nini Kiswahili kimepata taabu Buganda kuliko Tanganyika anaweza kuanzia hapo, ingawa asiishie hapo.

Mutesa alifariki Oktoba 1884. Hakuwa ametahiriwa, hakuwa amebatizwa.

1885 na 1886: Swali lajibiwa Namugongo

Mwanga, mwanawe, alirithi kiti akiwa na miaka isiyofika 20, na hofu ambayo baba yake aliweza kuicheza yeye hakuiweza. Januari 1885 vijana watatu wa misheni ya CMS waliuawa. Oktoba, Askofu Hannington aliuawa Busoga kwa amri yake, kwa kuwa alikuja kutoka mashariki, njia ambayo Waganda waliiogopa kuwa ndiyo njia ya watakaoimeza nchi. Joseph Mukasa Balikuddembe, mkuu wa vijana wa ikulu na Mkatoliki, akamkemea Kabaka kwa mauaji hayo. Akauawa Novemba. Alimtuma mwuaji ampelekee Mwanga salamu kwamba anamhukumu bila haki lakini amemsamehe.

Kisha Juni 1886, Namugongo tena, mahali pale pale pa mwaka 1876. Vijana walifungwa katika mikeka ya matete wakapangwa juu ya kuni. Mukajanga, mkuu wa wauaji, alimkuta mwanawe wa kulea, Mbaga Tuzinde, kati yao. Akamsihi akane, au walau akubali kufichwa. Mbaga alikataa. Baba akaamuru apigwe shingoni kwanza, asiuone moto. Wakatoliki 22 na Waanglikana 23 wanakumbukwa kwa mauaji ya miaka hiyo, ingawa si wote waliofia Namugongo.

Mwanga alikuwa na sababu zake nyingi, na baadhi yake ni za aibu. Iliyo kubwa ni ile ile ya baba yake mwaka 1876: watumishi waliokuja kuamini kwamba yuko wa kumtii juu ya Kabaka. Mutesa alikuwa ameuliza nani mkweli. Vijana walijibu, kila mmoja kwa upande wake.

1888 hadi 1900: Dini zawa vyama

Kutoka hapo mambo yalikwenda mbio. Mwaka 1888 Mwanga alipanga kuwatupa wasomaji wa dini zote kisiwani ziwani wafe njaa. Wakagundua, Waislamu na Wakristo wakaungana, wakamtoa. Wiki chache tu baadaye Waislamu wakawafukuza Wakristo, wakamtaka Kabaka mpya, Kiweewa, atahiriwe. Akakataa, kama baba yake. Wakamweka nduguye Kalema, aliyekubali. Buganda ikapata Kabaka wa kwanza aliyetahiriwa, na vita.

Wakristo walikimbilia nchi jirani ya Nkore, wakajipanga, wakamrudisha Mwanga yule yule aliyewachoma ndugu zao, sasa akiwa bendera yao. Kufikia 1890 Waislamu walikuwa wameshindwa. Mackay alikufa Februari mwaka huo kusini ya ziwa. Mapeera akamfuata Mei. Wazee wawili wa ugomvi ule, kama tunaweza kuwaita wazee watu wa miaka 40 na 36, walizikwa kwa tofauti ya miezi mitatu hivi.

Ugomvi haukuzikwa nao. Waprotestanti walikwisha kuitwa Wangereza na Wakatoliki Wafransa, na majina yalisema ukweli. Januari 24, 1892, pale Mengo, pande hizo mbili zikapigana, na Kapteni Lugard wa kampuni ya Kiingereza akaamua matokeo kwa bunduki za Maxim. Wakatoliki wengi wakaishia mkoa wa Buddu. Mbogo, ndugu yake Mutesa na kiongozi wa Waislamu, alipelekwa Unguja mwaka 1893, akarudi baada ya miaka miwili akiwa mtu wa amani. Mkataba wa 1900 ukaiweka Buganda katika kaunti 20 na kuthibitisha mgawo wa vyeo kwa dini: Waprotestanti wengi kuliko wote, Wakatoliki wakifuata, na Waislamu, waliotangulia kufika kwa zaidi ya miaka thelathini, wakabaki na moja, Butambala. Balubaale hawakupewa kaunti.

Mwanga aliishia Ushelisheli, akabatizwa huko kwa jina la Danieri, akafa mwaka 1903.

Kasubi

Mutesa alizikwa Kasubi, katika jumba la nyasi alilolijenga mwenyewe mwaka 1882. Kwa mila, Kabaka akifa taya lake huondolewa likahifadhiwa peke yake, maana roho yake hukaa humo. Lake halikuondolewa, alizikwa mzima, jinsi wageni walivyofundisha. Lakini jumba lenyewe likabaki mikononi mwa wajane na watunzaji wa mila, wakikalia zamu zao kama ilivyokuwa kwa waliomtangulia. Watatu wa kizazi chake waliotawala baada yake wamelala humo humo: Mwanga aliyebatizwa uhamishoni, Daudi Chwa na Mutesa wa Pili waliolelewa Kianglikana.

Jumba liliungua usiku wa Machi 16, 2010. Limejengwa upya kwa matete na nyasi, na watu wa dini zote huvua viatu mlangoni.